Maabara, skana, kisanduku cha rangi au ramani: kipimo kipi cha udongo kikufae?

Anayetaka kupima udongo siku hizi hakosi pa kuanzia. Kazi iko kwenye kuchagua. Kuna maabara ya kemikali, kuna skana ya mkononi inayokupa majibu kwenye simu kabla jasho halijakukauka, kuna visanduku vya rangi vyenye vichupa vya dawa na kadi ya kulinganishia, kuna vijiti vya kuchomeka ardhini, na kuna ramani za rutuba zilizotengenezwa kwa msaada wa picha za setilaiti. Kila muuzaji husema chake kinapima kila kitu. Ukweli ni kwamba kila kimoja kinapima kitu chake, na vingine havipimi hata hicho kilichoandikwa kwenye kasha. Kwa hiyo hapa nitavilinganisha kwa maswali ambayo mkulima huwa nayo kichwani: niweke chokaa au la? Fosforasi kiasi gani? Naitrojeni je? Kipimo kisichoweza kubadilisha uamuzi wako ni hasara hata ukipewa bure.

Lakini kuna jambo linalovikabili vyote kwa pamoja, nalo huharibu majibu mengi kuliko mashine mbovu.

Sampuli kwanza

Udongo wa hekta moja, kwa kina cha sentimita 20, una uzito wa takriban tani 2,600. Maabara inapopima fosforasi hutumia gramu mbili au tatu. Yaani karibu sehemu moja katika bilioni ndiyo inayousemea udongo wote uliobaki. Gramu hizo zikitoka chini ya mti wanapolala ng'ombe, ripoti itakuwa sahihi kabisa kuhusu wanapolala ng'ombe.

Kwa hiyo chimba vishimo 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kwa kila sehemu ya shamba inayofanana kwa rangi ya udongo, mteremko na historia ya mazao. Bondeni na mlimani ni sampuli mbili. Ruka vichuguu, palipokaa rundo la samadi, palipochomwa masalia, kando ya njia, na mistari iliyowekwa mbolea msimu uliopita. Changanya kwenye ndoo ya plastiki (ya bati iliyopakwa zinki itakudanganya kuhusu zinki), gawa robo robo mpaka ibaki nusu kilo hivi, kisha anika kivulini. Mfuko uliokuwa na mbolea usiuguse, hata ukiwa umeukung'uta mara ngapi.

Wenye skana nao hawajasamehewa. Kuielekeza skana mahali pamoja kisha kuliwekea mbolea shamba zima ni kosa lile lile, ila limefanyika kwa kasi zaidi.

Swali la chokaa: hapa kifaa rahisi kina nafasi

pH ni kipimo cha uchachu (ambao chokaa huupunguza) kilichoasisiwa na Mdenmarki S. P. L. Sørensen mwaka 1909, na kila hatua yake ni mara kumi: udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi ya ule wa pH 6. Mazao mengi hupenda kati ya 5.5 na 7. Ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imefungwa kwenye udongo huanza kuyeyuka na kudhuru ncha za mizizi. Ukiling'oa zao utaona mizizi mifupi, minene, imekosa vile vinyuzi vyembamba. Na fosforasi unayoiweka hunaswa na alumini na chuma kabla mmea haujaionja. Mkulima huongeza mbolea mwaka hadi mwaka akishangaa kwa nini haijibu.

Kwa swali la "shamba lina uchachu au halina", karatasi za pH au kisanduku cha rangi hutosha. Karatasi nzuri husoma kwa nusu hatua. Mita ya kielektroniki iliyotunzwa husoma kwa sehemu ya kumi. Pima gramu 20 za udongo mkavu uliochekechwa, tia mililita 50 za maji yaliyokenekwa, koroga, acha nusu saa, kisha tumbukiza karatasi kwenye maji yaliyotuama juu, usiitumbukize kwenye tope. Kwa mita, isawazishe kwanza kwa vimiminika vya pH 4 na pH 7, na usiache kichwa chake cha kioo kikauke. Mita nyingi hufa kwa kutotunzwa huku zikiendelea kutoa namba, na hapo ndipo hatari ilipo: mita iliyokufa haikuambii imekufa.

Ukishajua udongo una uchachu, swali linalofuata ni magunia mangapi ya chokaa, na hapo karatasi inanyamaza. Udongo wa kichanga na udongo wa mfinyanzi vinaweza vyote kusoma pH 5, lakini vikahitaji chokaa kwa viwango vilivyopishana mno. Mfinyanzi na mboji hushikilia akiba ya uchachu isiyoonekana kwenye maji ya kikombe. Maabara huipima akiba hiyo kwa kimiminika cha bafa (kinachokinza mabadiliko ya pH), au hupima moja kwa moja alumini iliyoshikiliwa kwenye chembe za udongo. Kwa hiyo kwangu mimi mpangilio ni huu: karatasi ikuambie kama kuna haja, maabara ikuambie kiasi. Kuweka chokaa kwa kukisia kuna gharama mbili. Ikiwa kidogo, umepoteza msimu. Ikizidi, zinki, chuma na manganizi hukwama, na kuirudisha pH chini ni kazi ngumu kuliko kuipandisha.

Halafu, unapolinganisha ripoti mbili, tazama kama pH ilipimwa kwenye maji au kwenye kalsiamu kloraidi. Hii ya pili husoma chini, mara nyingi kwa nusu hatua au zaidi. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba shamba "limechachuka" ndani ya mwaka mmoja, kumbe kilichobadilika ni maabara.

Fosforasi: maabara bado inaongoza, na inaongoza kwa mbali

Udongo unaweza kuwa na fosforasi tele na mazao yakalala njaa. Kuna fosforasi jumla, na kuna ile ambayo mizizi inaweza kuifikia. Kazi ya maabara ni kuikamua hii ya pili kwa dawa inayojaribu kuiga mzizi, na dawa hizo ziko kadhaa. Ya Bray ilitolewa mwaka 1945 na inafaa udongo wenye uchachu. Ya Olsen, ya mwaka 1954, ilitengenezwa kwa ajili ya udongo wenye chokaa nyingi, ambako asidi ya Bray huzimwa na chokaa yenyewe na kusoma chini kuliko hali halisi. Mehlich 3, ya mwaka 1984, inakamua fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na madini kadhaa mengine kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana maabara nyingi zimehamia huko.

Sasa shika hili: dawa hizi hutoa namba tofauti kwa udongo ule ule. Miligramu 10 kwa kilo kwa njia ya Olsen huhesabiwa kuwa karibu na kiwango cha kutosha kwa mazao mengi. 10 hiyo hiyo kwa Mehlich 3 ni upungufu. Ripoti inayosema "P = 10" bila kutaja njia haina maana yoyote, hata ikiwa na muhuri. Irudishe uulize.

Skana je? Skana za mkononi hutumia mwanga wa infraredi: zinaumulika udongo, zinasoma mwanga unaorudi, kisha programu inalinganisha na maktaba ya sampuli zilizokwisha kupimwa maabara. Mboji, mfinyanzi na maji huacha alama kwenye mwanga huo. Fosforasi inayopatikana haiachi alama yake yenyewe. Skana ikikupa namba ya fosforasi, imekisia kupitia mambo yanayoambatana nayo, kama mfinyanzi, mboji na chuma. Ukisio huo unaweza kukaribia ukweli pale ambapo maktaba ina udongo mwingi unaofanana na wako, na ukapotea kabisa baada ya mkulima kuweka mbolea, kwa sababu mbolea imebadilisha fosforasi bila kubadilisha mfinyanzi wala mboji. Huo ndio udhaifu mkubwa wa skana, na ni nadra kuusikia dukani.

Bunduki za eksirei, zinazoonekana za kisasa mno, zina tatizo jingine: zinasoma jumla ya elementi. Kwa jiwe la mgodini ni vyema. Kwa mbolea ya kupandia hazikusaidii sana.

Kisanduku cha rangi, cha ajabu, kinaishinda skana hapa. Kemia yake ya fosforasi ni binamu wa ile ya maabara: molibdeti hugeuka buluu kadiri fosforasi inavyozidi. Hakitakupa namba, kitakupa "chini", "wastani" au "juu", na kwa shamba ambalo halijaona mbolea kwa miaka mingi, au lililozidishiwa samadi, jibu hilo linatosha kuanzia. Soma rangi mchana kivulini, si chini ya taa ya njano. Tazama tarehe ya dawa na uhakikishe kadi haijapauka kwa jua. Na kama huoni vizuri tofauti za rangi, mpe mwingine asome.

Jambo moja la hesabu kabla ya kwenda dukani. Ripoti nyingi hutaja P, yaani fosforasi tupu, lakini mfuko wa mbolea huandikwa P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni. Kilo moja ya P ni sawa na kilo 2.29 za P2O5. Kwa potasiamu, kilo moja ya K ni kama kilo 1.2 za K2O. Anayechanganya vipimo hivi viwili huweka chini ya nusu ya fosforasi aliyoambiwa, kisha hulaumu kipimo.

Naitrojeni: usinunue namba hii kirahisi

Hapa nitaonekana mbishi. Kirutubisho kinachotajwa zaidi ndicho ambacho kipimo cha udongo hukisaidia kidogo zaidi. Naitrojeni jumla, inayopimwa kwa njia ambayo Johan Kjeldahl aliitoa mwaka 1883, karibu yote imefungwa ndani ya mboji, na sehemu ndogo tu hufunguka ndani ya msimu. Nitreti, ambayo mmea huinywa moja kwa moja, huhama na maji. Mvua moja kubwa kwenye kichanga yaweza kuifanya ripoti ya wiki iliyopita kuwa historia. Ili kipimo cha nitreti kiwe na maana, sampuli ichukuliwe karibu na siku ya kupanda au ya kukuzia, iwekwe kwenye baridi mara moja, na ifike maabara upesi. Ikibaki mfukoni siku tatu kwenye joto, vijidudu vitaendelea kutengeneza nitreti humo humo, na utapewa namba ya mfuko.

Ulinganisho wa haki basi ni kati ya kipimo cha udongo na kutopima udongo kabisa. Mavuno unayolenga hukupa mahali pa kuanzia: tani moja ya punje za mahindi hubeba takriban kilo 15 za naitrojeni. Toa humo kilicholetwa na zao lililotangulia, kwa kuwa mikunde huacha kitu, na samadi uliyoweka. Kisha msimu ukiendelea, tazama majani. Kadi ya rangi ya majani, iliyosambazwa sana kwa wakulima wa mpunga na IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, ni kipande cha plastiki chenye vivuli vya kijani, na inakusaidia kuamua siku ya kukuzia kuliko ripoti ya miezi miwili iliyopita. Kwa naitrojeni, hela ya kipimo ningeipeleka huko.

Potasiamu, salfa, zinki na boroni sitazikalia. Ukizishuku, nenda maabara. Hakuna njia ya mkato ya kuaminika.

Mboji na tofauti ndani ya shamba: zamu ya skana

Nimeisema vibaya skana; sasa niipe haki yake. Kwenye kaboni ya mboji, mfinyanzi na naitrojeni jumla, infraredi hufanya kazi nzuri, hasa ile ya mawimbi marefu inayotumika ndani ya maabara kwenye udongo uliokaushwa na kusagwa. Na ina faida moja kubwa: haitumii kemikali. Njia ya zamani ya kaboni, ya Walkley na Black ya mwaka 1934, hutumia dikromati ya potasiamu, ambayo mabaki yake ni sumu, na haiunguzi kaboni yote. Ndiyo maana hesabu yake huongezewa kizidisho.

Lakini faida inayonivutia zaidi ni wingi. Ukishakuwa na kifaa, kupima mara ya thelathini hakukugharimu zaidi ya muda. Vipimo thelathini vyenye makosa madogo, vilivyotawanyika shambani, vinaweza kukuonyesha kona iliyochoka kuliko kipimo kimoja sahihi cha udongo uliochanganywa. Sampuli ya kuchanganya hukupa wastani, na wastani huficha. Shamba lenye nusu nzuri na nusu hoi litaonekana "la kati", nawe utaweka mbolea ya kati pande zote mbili: kule inazidi, huku inapungua.

Masharti yake: udongo uwe mkavu na umechekechwa, kwa sababu maji humeza mwanga wa infraredi na kufunika alama nyingine, na muuzaji akueleze maktaba yake imetokana na udongo wa aina gani. Asiyeweza kujibu swali hilo hana cha kukuuzia. Kifaa kitumiwe na kikundi au mtoa huduma anayezunguka; mwenye ekari mbili hahitaji kumiliki skana.

Ramani na vijiti

Ramani za kidijitali ni za bure na zinavutia macho. SoilGrids inafunika dunia kwa miraba ya mita 250, maana yake mraba mmoja ni zaidi ya hekta sita; kwa bara la Afrika ipo iSDAsoil yenye miraba ya mita 30. Zote ni makadirio ya kompyuta kutokana na vituo vya vipimo, hali ya hewa, umbo la ardhi na picha za setilaiti. Hazijui kwamba jirani yako aliweka samadi miaka kumi na wewe hukuweka. Zitumie kupanga pa kuchukulia sampuli, au kujua kama eneo lenu lina hulka ya uchachu. Usizitumie kuhesabu mifuko.

Vijiti vya kuchomeka vinavyodai kusoma naitrojeni, fosforasi na potasiamu papo hapo: acha. Vingi vyake vinapima jinsi udongo unavyopitisha umeme, kisha vinaigeuza namba hiyo kwa fomula kuwa namba za virutubisho vitatu. Umeme hupita kwa sababu ya chumvi na unyevu, wa aina yoyote. Mwagia udongo maji ya chumvi ya mezani, chomeka tena, utaona "virutubisho" vimepanda. Kama kifuatiliaji cha unyevu au chumvi kwenye umwagiliaji vina kazi. Kwa mbolea havina.

Ukichagua maabara, ipime nayo

Maabara hazilingani. Zilizo makini hushiriki mizunguko ya kulinganishwa na wenzao, kama WEPAL ya Wageningen, Uholanzi, au mtandao wa GLOSOLAN ulioanzishwa chini ya FAO mwaka 2017. Uliza. Kuna njia ya moja kwa moja pia: changanya sampuli moja vizuri, igawe mara mbili, ipeleke kwa majina mawili. Majibu yakipishana kidogo, sawa. Yakipishana kiasi cha kubadilisha mbolea utakayonunua, tafuta pengine. Na ukishapata nzuri, baki nayo: maabara ile ile, njia ile ile, msimu ule ule, kila baada ya miaka mitatu hivi.

Ningechagua nini

Kwa shamba dogo linalopimwa kwa mara ya kwanza: maabara, kifurushi cha msingi cha pH, hitaji la chokaa, fosforasi, potasiamu na kaboni. Elementi ishirini hazihitajiki. Ukikosa hela ya maabara kabisa, karatasi za pH na kisanduku cha fosforasi ni bora kuliko kubahatisha, mradi ukae ndani ya majibu ya "chini, wastani, juu" bila kuyageuza kuwa kilo. Kwa ushirika wenye mashamba mengi, mchanganyiko: skana kwa wote ili kugawa maeneo, kisha sampuli chache za kila eneo maabara. Kwa mazao ya miti, ongeza sampuli ya kina cha sentimita 20 hadi 50, na pima majani. Mizizi iko chini, na udongo wa juu pekee hausemi habari yote.

Na yeyote yule, mwenye ripoti au asiye nayo, ningemshauri atenge vipande vinne kando kwa kando: kimoja chenye virutubisho vyote, kimoja kisicho na naitrojeni, kimoja kisicho na fosforasi, kimoja kisicho na potasiamu. Wazo lake ni la zamani. Carl Sprengel aliandika mwaka 1828 kwamba kirutubisho kilichopungua zaidi ndicho kinachozuia ukuaji, na mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig akalieneza. Vuna, pima kila kipande kwa mizani. Kipande kisicho na potasiamu kikilingana na chenye vyote, basi udongo wako bado unaitoa yenyewe, hata kama ripoti ilisema "chini". Udhaifu wa njia hii ni kwamba jibu linakuja baada ya mavuno, na mvua mbaya inaweza kulifuta. Maabara hukujibu kabla ya kupanda.

Ila maabara nayo ina foleni, na chokaa ikishawekwa huhitaji miezi ili ifanye kazi. Ndiyo maana sampuli inayochukuliwa wiki ya kupanda huwa imechelewa kwa uamuzi wa chokaa. Ichukue mara baada ya kuvuna, andika kwenye mfuko jina la kipande, kina, tarehe na zao linalofuata, na kabla hujaufunga bakiza kiganja kimoja cha udongo huo kwenye chupa kavu nyumbani, endapo utataka kuirudia namba.